Kiingilio

Saa kumi na mbili na nusu, Bweyale,
mswaki bado mdomoni, mtoto kasimama mlangoni:
Nyakuoth, miaka minane, magoti meupe kwa jivu.
"Pesa hakuna," anasema. "Nimeleta hili."
Yai. Bado lina joto la kuku.
"Uniwekee kiti cha mbele."
Kiti! Hatuna hata cha nyuma.
Nikalitia mfukoni mwa gauni, nikasema sawa,
na siku ikaanza kunikimbiza.

Simu ya kwanza: Byaruhanga, mwenye ghala.
"Abwooli, nisamehe, mahindi yamepanda bei jana usiku."
Maana yake: ukumbi wangu umejaa magunia hadi darini.
Nimekwenda, nimeyaona, mia mbili na kumi na moja,
yamekaa pale wanapokaa watazamaji,
watazamaji bora kuliko wote niliowahi kupata:
hawakohoi.
Nikamwambia Ocitti, "Basi tunacheza nje,
ukuta wa ghala ndio ikulu."
"Na mvua?"
"Mvua haina tiketi."

Saa tatu. Spika ya kanisa imeazimwa na kanisa jingine.
Saa nne. Mama yake Lamunu anataka kujua
kwa nini binti yake anakufa katika mchezo huu
ilhali katika ule wa Pasaka aliolewa tu.
Namweleza. Haridhiki.
Tunakubaliana ajeruhiwe.
Saa sita. Kakule na Uvoya hawasemezani,
nao jukwaani ni mapacha.
Saa nane nimesimama kwa mkaanga chapati,
jicho lake liko mfukoni mwangu:
"Mayai yameniishia, mama. Nipe hilo, nikukunjie ya bure."
Njaa ina mdomo mtamu.
Nikala chapati kavu.

Siegemei. Siinami.
Napita katikati ya watu kama mja mzito,
mkono mmoja ubavuni,
mwingine unagawa ndevu za katani.

Na mfalme?
Mfalme hayupo.
Gatluak yuko kambini, kwenye foleni ya mgao,
jina la mama yake halijaitwa,
na jina lisipoitwa hakuna unga mwezi mzima.
Mimi ni nani nimwambie mchezo kwanza?

Saa kumi na moja tukaanza bila yeye.
Mawaziri wakamsifu asiyekuwepo,
wakalisujudia kopo la rangi lililokatwa likawa taji.
Watu wakadhani ndivyo tulivyopanga.
Mwanamke mmoja akasema kwa sauti:
"Huyo namfahamu. Nami sijapata kumwona."

Ndipo alipokuja, akipenya kutoka barabarani,
jasho, kandambili moja, gunia la unga begani,
akapanda jukwaani hivyo hivyo.
Katika maneno niliyoyaandika
mfalme huyu hajawahi kubeba hata kivuli chake.
Akatafuta pa kuutua mzigo.
Akamtazama Jalobo, mtumishi wake.
Jalobo akafungua mdomo, maneno yangu hayamo,
akasema: "Ubebe mwenyewe, mtukufu, na sisi tuone."
Kama tungekuwa ndani, kicheko kingeng'oa mabati.
Gatluak hakucheka.
Alisimama na gunia lake hadi mstari wa mwisho,
shingo ikitetemeka,
nami sikujua ni wapi alipoacha kuigiza.

Usiku. Tochi ya simu.
Elfu kumi na nane na mia tano, na kifungo cha shati.
Jenereta peke yake inadai elfu ishirini.
Nafagia maganda ya karanga,
kuna kitu kinapumua chini, mbele kabisa:
Nyakuoth, amelala juu ya kigunia nilichomtandikia.
Namwamsha. Anafuta mate.
"Mfalme amekuja?"
"Amekuja, amekwenda."
Anafikiri. Ananyoosha mkono.
"Basi nirudishie yai langu."

Nalitoa. Zima.
Analiinua mbele ya tochi, analikagua
kama mwenye duka na noti asiyoiamini,
kisha anauliza
kesho tunaanza saa ngapi.